Giza la Ziwa Ni Mali: Tuanzeje Kutazama Nyota na Kupiga Picha za Anga Hapa Kyela



Jumapili ya tarehe 7 Septemba 2025, usiku wa kuamkia sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bikira Maria, mwezi ulipatwa wote. Hapa Kyela ulichomoza ukiwa mzima upande wa Milima ya Livingstone, na ilipofika saa 1:27 usiku ukaanza kumegwa pembeni. Kuanzia saa 2:30 hadi saa 3:52 ulikuwa mwekundu kama shaba. Tulikuwa tumekaa nje na waamini wachache, na simu zikaanza kulia. Mama mmoja wa jumuiya ya jirani alitaka kujua kama awaamshe watoto wasali. Mzee mmoja akatukumbusha kwamba zamani, mwezi ukipatwa, watu walipiga madebe mpaka urudi. Kijana wa darasa la sita ndiye aliyeuliza swali lililotusaidia wote: "Mafrateri, huo wekundu unatoka wapi?"

Tulimjibu kwamba dunia imepita katikati ya jua na mwezi, na kivuli chake kimeufunika mwezi. Lakini hewa inayoizunguka dunia hupindisha mwanga kidogo wa jua na kuupeleka ndani ya kivuli hicho, na mwanga unaofaulu kupita katika hewa nyingi hivyo ni ule mwekundu, kama tunaouona jua linapozama. Kwa maneno mengine, wekundu ule ulikuwa mwanga wa machweo na mapambazuko ya dunia nzima, umeangukia mwezini kwa pamoja. Yule mama akacheka, akasema kumbe angewaamsha watoto waje watazame.

Tangu siku ile swali tunaloulizwa zaidi ni hili: "Darubini inauzwa bei gani?" Makala hii ni jibu letu. Kwa kifupi, usinunue darubini bado. Kitu cha kwanza anachohitaji mtu wa nyota ni giza, na sisi tunaokaa pembezoni mwa Ziwa Nyasa tunalo. Wengine duniani husafiri mamia ya kilomita kulitafuta. Tuone namna ya kulitumia, na namna ya kulitunza lisipotee.

Mahali petu angani

Kyela iko digrii tisa na nusu hivi kusini mwa ikweta. Maana yake ni kwamba kwa mzunguko wa mwaka mmoja tunaona karibu nyota zote, za kusini na za kaskazini. Anayekaa Ulaya haoni kabisa Msalaba wa Kusini. Anayekaa kusini kabisa mwa dunia haoni makundi mengi ya kaskazini. Sisi tunakosa kidogo sana, na mojawapo ya tunavyokosa ni ile Nyota ya Kaskazini inayosifiwa vitabuni. Kwetu iko chini ya upeo wa macho, kwa hiyo kitabu kikikuambia uanze nayo, ujue kiliandikiwa wenzetu.

Tuna faida nyingine. Ukisimama ufukweni Matema na kuangalia kusini, mbele yako ni maji, si mji. Nyosha mkono wako mbele na ukunje ngumi. Upana wa ngumi hiyo ni kama digrii kumi. Weka ngumi moja juu ya mstari wa maji, upande wa kusini kamili. Hapo juu ya ngumi ndipo ilipo ncha ya kusini ya anga, mahali ambapo nyota zote za kusini huonekana kupazunguka usiku kucha. Hakuna nyota angavu inayopaonyesha, lakini Msalaba wa Kusini utakusaidia. Chukua mstari wake mrefu, kutoka kichwani hadi mguuni, kisha uurefushe mbele mara nne na nusu. Utafika karibu na mahali pale pale. Mtu akijua hilo hapotei ziwani.

Upande wa mashariki hali ni tofauti. Pale Matema Milima ya Livingstone inasimama kama ukuta, kwa hiyo nyota, na hata mwezi, huchelewa kuonekana kuliko saa zinazotajwa na programu za simu. Anayetaka kuona vitu vinavyochomoza mashariki afadhali akae sehemu za wazi zaidi, mbali na ukuta huo.

Kalenda ya giza

Wavuvi wa usipa wanaijua kalenda hii kuliko sisi. Usipa huvuliwa kwa taa, na taa hufanya kazi vizuri mwezi usipokuwepo. Mbalamwezi ikiwa kali, samaki hutawanyika, na wengi hubaki nchi kavu kutengeneza nyavu. Mzee mmoja mvuvi alitukuta ufukweni tukiwa tumelala chali juu ya mikeka, akauliza tunatafuta nini. Tulipomweleza, akasema: "Wanangu, ninyi mnatafuta nyota, mimi natafuta usipa, lakini usiku wetu ni mmoja." Tukamwomba akae nasi kidogo. Alituonyesha nyota anayoifuata akirudi nyumbani, na tangu hapo tukitaka kujua kama wiki ni nzuri tunamwuliza yeye.

Kanuni ni rahisi. Wiki mbili nzuri ni zile zinazozunguka mwezi mwandamo: wiki ya mwisho wa mwezi uliopita na wiki ya kwanza ya mwezi mpya. Baada ya mwezi mpevu, mwezi huchelewa kuchomoza kwa karibu dakika 50 kila siku. Kwa hiyo siku ya nne au ya tano baada ya mpevu tayari una saa mbili tatu za giza mwanzoni mwa usiku.

Wanaofuata kalenda ya Kanisa wana kipimo kingine mkononi. Pasaka huwekwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake. Ndiyo sababu kila mwaka usiku wa Alhamisi Kuu una mwezi mkubwa. Ukitaka kuona nyota hafifu, Juma Kuu si wakati wake. Na hapa kwetu Machi na Aprili ni miezi ya mvua kubwa na mafuriko, kwa hiyo hukosi mengi.

Mvua ndiyo inayotugawia mwaka. Kuanzia Novemba hadi Mei mawingu ni mengi. Juni hadi Oktoba ndiyo majira yetu. Juni na Julai anga huwa safi zaidi. Kuanzia Agosti moshi wa mashamba yanayochomwa huongezeka na kuzifunika nyota zilizo chini karibu na upeo, ingawa utosini huonekana vizuri bado.

Watu wa pwani wana msemo kuhusu Kilimia, kile kifungu kidogo cha nyota ambacho jina lake linatokana na kulima: kikizama wakati wa mvua huzuka wakati wa jua, na kikizama wakati wa jua huzuka wakati wa mvua. Hapa Kyela unaweza kuuhakiki mwenyewe. Kilimia hupotea katika mwanga wa jua mwezi Mei, mvua zikiwa bado zinanyesha, na huonekana tena alfajiri upande wa mashariki mwezi Juni, wakati kiangazi kimeanza.

Miezi ya kwanza: macho matupu

Tunashauri miezi mitatu bila kifaa chochote. Chukua mkeka, sweta, na daftari. Zima taa zote na usitazame simu. Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwanga mweupe wa sekunde moja huharibu kazi hiyo yote. Ukihitaji kusoma, funika tochi kwa kitambaa chekundu, kwa kuwa mwanga mwekundu hafifu hauyasumbui macho sana.

Mwezi Juni na Julai, saa 3 usiku, anza na Nge. Ni kundinyota linalofanana kweli na jina lake: kifua chenye nyota nyekundu, na mkia uliojikunja. Liko juu sana kwetu, karibu na utosi. Pembeni ya mkia wake Njia Nyeupe ni pana na nzito kuliko mahali pengine popote, kwa sababu huko ndiko kilipo kitovu cha galaksi yetu. Kitovu hicho kwetu hupanda hadi digrii 70 juu ya upeo. Huko Ulaya kinagusa mapaa ya nyumba tu.

Kisha geukia kusini magharibi. Utaziona nyota mbili angavu zilizo karibu karibu, zikiuelekeza Msalaba wa Kusini. Ile angavu zaidi, iliyo mbali kidogo na Msalaba, ni Rijili Kantori. Mwanga wake hutumia miaka minne na ushee kutufikia. Mwanga ulioondoka kule siku mseminari alipoingia Kidato cha Kwanza humfikia akiwa ameshamaliza Kidato cha Nne, na hiyo ni mojawapo ya nyota jirani zetu wa karibu kabisa.

Oktoba, saa 4 usiku, Msalaba haupo tena, umezama. Badala yake tazama kusini juu ya ziwa. Utaona wingu dogo hafifu ambalo halisogei na upepo. Hilo ni moja kati ya Mawingu mawili ya Magellan, na si wingu. Ni galaksi nyingine, umbali wa miaka ya nuru 200,000 hivi, yaani mwanga wake umesafiri kwa miaka hiyo yote. Wingu kubwa zaidi hufuata baadaye usiku. Wavuvi wameyaona maisha yao yote. Waulize wazee wa nyumbani kwenu wanayaitaje, na uandike jina hilo kabla halijasahaulika.

Usiku wa tarehe 21 Oktoba na siku zinazoizunguka, kuanzia saa 7 usiku, kaa ukisubiri vimondo. Dunia hupita katika vumbi lililoachwa na nyotamkia ya Halley, na punje za vumbi hilo huungua hewani. Saa nyingine utahesabu vichache tu. Subira ni sehemu ya kazi.

Andika kila usiku: tarehe, saa, mahali, hali ya anga, ulichoona. Chora hata kama huchori vizuri. Utagundua mambo ambayo vitabu vya kigeni havikuambii. Kwa mfano, mwezi mwandamo kwetu hulala kama mtumbwi, pembe zikiangalia juu, wakati katika picha za vitabu husimama wima. Naye Jabari, yule mwindaji mwenye nyota tatu za mkanda, kwetu huchomoza akiwa amelala ubavu.

Kifaa cha kwanza

Mmoja wetu aliwahi kukusanya fedha za likizo mbili akanunua darubini ndogo ambayo sanduku lake liliandikwa kwamba inakuza mara 600. Ilikuwa na lenzi ya milimita 50 na miguu myembamba iliyotikisika kila upepo ulipovuma. Mwezi ulionekana. Vingine vyote vilikuwa ukungu unaocheza. Alikata tamaa, darubini ikakaa juu ya kabati miaka miwili.

Kosa lilikuwa katika ile namba. Kazi kubwa ya darubini ni kukusanya mwanga, na kinachokusanya mwanga ni upana wa lenzi au kioo chake. Kukuza hufuata baadaye. Kanuni ya kukumbuka: kila milimita ya upana haiwezi kukuza kwa manufaa zaidi ya mara mbili. Lenzi ya milimita 50 inafika mara 100 ikiwa ni nzuri. Anayekuahidi mara 600 kwa lenzi hiyo anakuuzia karatasi ya sanduku.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza kiwe darubini ya kushika mkononi, ile ya macho mawili. Juu yake utasoma namba kama 7x50 au 10x50. Namba ya kwanza ni mara inazokuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Hizo mbili zinafaa sana. Kabla ya kununua iliyotumika, itazame nyota moja: ukiona nyota mbili badala ya moja, mirija haiko sawa, iache.

Kwa darubini hiyo, ukiegemeza viwiko juu ya ukuta, utaona miezi minne ya Mshtarii ikiwa imepangana kama shanga. Ndiyo ile Galileo aliyoiona Januari 1610, kwa chombo chenye lenzi ndogo kuliko yako. Utaona Kilimia kikiwa na nyota nyingi badala ya sita. Mwezi Mei hadi Julai, juu ya Msalaba kuelekea mashariki, utakuta nyota moja yenye ukungu. Ni fungu la mamilioni ya nyota liitwalo Omega Centauri, lililo umbali wa miaka ya nuru 17,000 hivi.

Ukishajua anga na bado unataka zaidi, tafuta darubini ya kioo ya aina ya Dobson yenye upana wa milimita 150. Haina umeme wala mitambo. Huzungushwa kwa mkono juu ya kitako cha mbao, na fundi seremala wa hapa anaweza kukitengeneza kitako hicho. Jina lake linatokana na John Dobson, aliyekuwa mtawa wa monasteri ya Kivedanta huko San Francisco. Alisaga vioo mwenyewe, akatumia mbao na mabaki, akawa anatoka usiku kuwaonyesha watu wa mitaani mwezi. Mwaka 1967 aliondolewa monasterini. Waseminari wenzetu, sehemu ya vioo tuiige, lakini ya kutoka usiku tumwombe ruhusa Gombera kwanza.

Jambo moja lisilo na mzaha: usilielekeze jua darubini yoyote, wala kulitazama kwa macho matupu. Jicho huungua bila maumivu, na haliponi.

Picha kwa simu uliyo nayo

Simu janja nyingi za siku hizi zinaweza kupiga picha ya Njia Nyeupe, mradi giza lipo na simu haitikisiki. Hatua zetu ni hizi:

1. Egemeza simu. Kama huna kitegemeo cha miguu mitatu, tia mchanga katika mfuko mdogo, uuweke juu ya jiwe, ukandamize simu juu yake ikiangalia angani.

2. Fungua kamera sehemu ya Pro. Weka ISO kati ya 1600 na 3200. Hii ni namba ya wepesi wa kamera kuhisi mwanga.

3. Weka muda wa kupokea mwanga sekunde 15 hadi 20. Ukizidisha, nyota hugeuka vistari, kwa sababu dunia inazunguka. Kanuni ya makadirio: gawanya 500 kwa urefu wa lenzi unaotajwa katika maelezo ya simu. Lenzi ya 26 inakupa sekunde 19.

4. Weka fokasi kwa mkono, mbali kabisa. Kwenye simu nyingi ni alama ya mlima.

5. Tumia kipima muda cha sekunde 3 au 10, ili kidole chako kisitikise simu.

6. Piga picha 20 au 30 za mahali pale pale bila kugusa mpangilio.

Hatua ya sita ndiyo siri. Picha moja huwa na chengachenga nyingi zilizotawanyika ovyo. Lakini chenga hubadilika katika kila picha, wakati nyota zinabaki. Programu za kompyuta za bure kama Sequator na Siril huzipanga picha zote moja juu ya nyingine na kuchukua wastani. Ni kama kwaya: sauti moja ikikosea noti, thelathini wanaoimba noti sahihi wanaifunika. Simu zilezile, kwa njia hii, hutoa picha ambayo usingeamini.

Kazi ya kwanza tunayopendekeza ni hii. Kaa ufukweni usiku usio na mwezi, elekeza simu kusini kamili, na upige picha za sekunde 20 mfululizo kwa saa nzima. Ukiziunganisha bila kuzipanga upya, kila nyota itachora upinde, na pinde zote zitazunguka sehemu moja, ngumi moja juu ya maji. Dunia hugeuka digrii 15 kwa saa. Katika picha hiyo utaweza kuzipima. Taa za wavuvi zitaonekana chini kama mji ulioko majini. Usizifute. Ndivyo usiku wa ziwa letu ulivyo.

Mwezi hupigwa kinyume cha hayo. Unaangazwa na jua, kwa hiyo ni mwangavu sana: ISO 100, muda wa sehemu moja ya 200 ya sekunde. Weka lenzi ya simu kwenye tundu la darubini ya mkononi, mwenzako aishike imara, na mabonde ya mwezini yatatokea. Usiku bora si wa mwezi mpevu bali wa nusu mwezi, wakati vivuli ni virefu.

Kamera huona rangi ambazo jicho halizioni gizani. Hilo si udanganyifu. Lakini ukiongeza rangi mpaka anga liwe zambarau, hiyo si picha ya Kyela tena. Andika chini ya kila picha mahali, tarehe na ulivyoipiga.

Unyevu wa ziwa ni adui wa lenzi. Usizifute kwa shati. Acha umande ukauke wenyewe. Hifadhi vifaa katika kopo linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu, la sivyo kuvu wataota ndani ya lenzi. Na usalama: msiende peke yenu, vaeni mikono mirefu kwa ajili ya mbu, na kaeni mbali na midomo ya mito, kwa kuwa mamba na viboko nao hawalali.

Taa yetu wenyewe

Mwaka mmoja uwanja wetu ulifungwa taa kubwa ya ulinzi. Ilikuwa lazima, vitu vilikuwa vikiibwa. Lakini ilimulika pande zote na juu, na kutoka siku ile Njia Nyeupe ikatoweka juu ya bweni. Tulinung'unika wiki kadhaa. Kisha mmoja wetu akaenda kuzungumza na mlinzi badala ya kunung'unika. Mlinzi akasema hata yeye taa ile inamwumiza macho, na nje ya duara lake haoni kitu. Fundi bati akatengeneza kofia kwa kipande cha bati, taa ikamulika chini tu. Mlinzi sasa anauona ukuta wote, na sisi tukarudishiwa nusu ya nyota.

Tunasimulia hili kwa sababu umeme unafika vijijini, na ni neema. Hatumwombi mtu akae gizani. Tunaomba taa ziangalie chini, pale watu wanapopita, na zizimwe pasipo na mtu. Giza likishapotea, ni vigumu kulirudisha. Miji mikubwa imeshajifunza hivyo.

Je, huu si unajimu?

Waamini wengine hutuuliza hivi kwa nia njema. Kutabiri ndoa, bahati au kifo kwa nyota Kanisa linakataa. Soma Katekisimu, namba 2116. Kujua nyota zinavyokwenda ni jambo jingine, na Kanisa limelifanya kwa karne nyingi. Kalenda tunayotumia ilirekebishwa mwaka 1582 kwa msaada wa Mjesuiti Christopher Clavius. Papa Leo XIII aliiunda upya Specola, kituo cha Vatikano cha kuchunguza anga, mwaka 1891, nacho kinafanya kazi mpaka leo. Padre Georges Lemaître wa Ubelgiji ndiye aliyeeleza mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka. Tuseme pia ukweli wote: mwaka 1633 Galileo alihukumiwa, na mwaka 1992 Papa Yohane Paulo II alikiri kwamba waliomhukumu walikosea. Kosa lile linatufundisha kutazama kabla ya kuhukumu.

Kutojua nako kuna gharama zake. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa kipete hapa mkoani kwetu, na umati ulikusanyika Rujewa, Mbarali, kuona mwezi ukiwa katikati ya jua na kuacha pete ya moto. Wataalamu kama Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria, aliyetumia miaka mingi kuwaeleza Watanzania habari za anga, walikuwa wamewaandaa watu mapema. Kyela, iliyo nje kidogo ya ukanda ule, iliona jua likifunikwa sehemu kubwa, na chini ya miembe na mikakao ardhi ilijaa vijua vidogo vyenye umbo la mundu, kila tundu la majani likichora chake. Aliyejua alifurahi. Asiyejua alijifungia ndani.

Tuanze wapi?

Anza na wiki ijayo isiyo na mwezi. Mkeka, daftari, na mtu wa kwenda naye. Jumuiya ikitaka kuwapeleka watoto mahali, iwapeleke wakaguse Kimondo cha Mbozi, kule Ndolezi, mkoani Songwe: pande la chuma la urefu wa mita tatu hivi lililotoka angani, moja ya vimondo vikubwa zaidi vinavyojulikana duniani. Si mbali na sisi, na wengi wetu hatujawahi kufika.

Na jiwekeeni alama tarehe 31 Desemba 2028. Jioni hiyo mwezi utapatwa wote tena, na hapa kwetu utachomoza ukiwa tayari karibu umefunikwa wote. Inaweza kuwa mvua. Lakini mawingu yakifunguka, watu wakiwa wanajiandaa kwa mkesha wa mwaka mpya, watauona mwezi mwekundu mashariki na watauliza. Yule kijana wa darasa la sita atakuwa sekondari wakati huo. Tayari ana daftari lake, na kwa miezi kadhaa sasa hajauliza tena bei ya darubini. Anauliza mwezi unaandama lini.